Lango la Birika

Ujumbe ulinikuta barazani kwangu hapa Mvara, kilimani juu ya mji wa Arua, nikichambua maharage. Binti wa kaka yake Marika aliandika kwenye simu kwamba shangazi yake amefariki kwa amani huko kwao Uholanzi, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amesema mimi nijulishwe. Basi. Niliisukuma simu chini ya kanga nikaendelea na maharage yangu, mazuri huku, mabovu kule, mpaka nikagundua kwamba nilikuwa nimeyachanganya tena yote pamoja. Wajukuu wangu wanajua kwamba nikinyamaza namna hiyo si vizuri kunisogelea, wakaenda kucheza upande wa pili wa nyumba. Ndipo ile harufu ikaja, baada ya miaka yote hii: sabuni ya mche, kahawa ya kuchemshwa na mafuta ya taa, harufu ya chumba kimoja ambacho hakikuwa mbali na hapa nilipoketi na ambacho sasa ni duka la kuchaji simu. Nimefundisha historia karibu maisha yangu yote. Wanafunzi walikuwa wakinong'onezana kwamba Mwalimu Kiden akifika kwa Waholanzi wa kale hasikii kengele, na wakubwa wa shule waliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini watu hao nawapa wiki nzima wakati mtihani unawauliza kwa swali moja. Sikuwajibu, maana sipendi kuulizwaulizwa. Leo nitajibu.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1988, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa Oli, chini karibu na mto, katika chumba cha kupanga pamoja na Mama Hawa. Namna nilivyofika mikononi mwake ni habari nyingine. Itoshe kusema kwamba tulipokimbilia Zaire nilikuwa mtoto niliyeshika ncha ya kanga yake, na tuliporudi nilikuwa nimempita kimo. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja la kuelekea mtoni. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka majini ukaingia ndani bila kubisha, na jua lilipotoka lilipenya kwenye matundu ya mabati likatupa vidoa vya mwanga ukutani, navyo vikatembea polepole mpaka mchana. Mimi nilipenda kulala nikivitazama. Tulikula ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim ya kusaga, na siku ya soko tukapata samaki mkavu, mmoja, ambaye Mama Hawa alimgawanya kwa namna ambayo kipande changu siku zote kilikuwa na nyama na chake siku zote kilikuwa kichwa. Aliapa kwamba anapenda kichwa. Nilimwamini mpaka nilipopata watoto wangu mwenyewe.

Chini ya dirisha palikuwa na sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, la jeshi, la marehemu mumewe. Mumewe alikuwa askari, na serikali aliyoitumikia ilipoanguka vitani mwaka 1979 yeye hakurudi, ndipo sisi tukakimbia. Ndani ya sanduku hilo Mama Hawa aliweka sanda yake. Alikuwa ameinunua kwa taabu kule Zaire, kitambaa cheupe, akakikunja pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia, na kila Ijumaa alikitoa akakianika kwenye kamba nje ili kisishike ukungu, huku akiwakaripia watoto wa jirani wasikiguse kwa mikono ya maembe. Mimi nilikuwa nimezoea kuiona sanda ikipepea kati ya nguo zetu. Lililokuwa likimnyima raha Mama Hawa lilikuwa jingine. Tuliporudi kutoka Zaire tulikwenda Koboko, kwenye kiwanja cha mumewe, tukakuta mashemeji wamekwisha kukigawana. Hawakumfukuza. Walimpikia chai, wakamtolea kiti cha wageni, wakamuuliza safari yake ilikuwaje na ataondoka lini. Alikunywa chai yote, akashukuru, akanishika mkono tukaja Arua. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, mbele ya mlango wake, watoto wakakua wakicheza juu yake. Aliyewekwa kwenye kiti cha wageni hana mlango.

"Njaa mimi naijua," aliniambia siku moja tukiwa tunapepeta mtama. "Njaa hapana nisumbua. Mimi naogopa kuzikwa kwa watu. Kule njiani tulizika watu kando ya barabara, wewe unakumbuka? Sasa nani anapita pale kusema hata pole?"

Nilikumbuka. Nami nilikuwa na jambo langu lililonikaba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha ualimu, lakini magoti ya Mama Hawa yalikuwa yamechoka, mwenye nyumba hakuwa mtu wa huruma, na mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta riziki yetu. Kama angepata mahali pa kukaa, mahali pake kweli, ningekwenda. Kama hangepata, ningebaki, na wala nisingelalamika, kwa sababu ni yeye aliyenivusha. Ndivyo mwaka ulivyoanza, na ndiyo sababu niliposikia kwamba kuna mwalimu wa kizungu Mvara anayetafuta msichana wa kumsaidia nyumbani na kumfasiria, nilipanda kilima siku hiyohiyo.

Marika alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miaka arobaini hivi, na alitembea akiwa ameinamisha kichwa kidogo kama anayeingia kwenye mlango mfupi. Alikuwa amejifunza Kiswahili Tanzania, kwa hiyo alizungumza Kiswahili cha vitabuni. Watu wa kwetu walimsikiliza kwa heshima kama wanavyosikiliza redio, kisha wakanigeukia mimi kuuliza amesema nini. Kwao alifundisha historia, na huku pia alifundisha historia. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na ukutani kalenda. Kalenda ile ilikuwa ya mwaka uliopita. Mimi, kwa kutaka kuonekana mwangalifu, nilimwambia kwamba imekwisha muda wake, naye akacheka akasema ndiyo, imekwisha muda kwa zaidi ya miaka mia tatu. Alikuwa ameikata kurasa zake zote akazibandika ukuta mzima. Zilikuwa picha zilizochorwa kwa rangi na Waholanzi wa kale, na karibu zote zilionyesha vyumba. Nilikuwa sijawahi kuona kwamba mtu anaweza kuketi akachora chumba. Mwanamke anamimina maziwa. Mwanamke anafagia. Mwanamke amesimama karibu na dirisha hafanyi lolote, na mwanga unaingia upande wa kushoto unamgusa shingoni. Nilisimama na ndoo yangu mkononi nikaona mwanga wa Oli, wa matundu ya mabati, nikapiga deki.

Basi tukawa hivyo mwaka mzima. Mimi nilifua, nilipika, nilifasiri. Yeye aliporudi kutoka darasani alichemsha kahawa nzito, akaketi kitandani na kunisimulia kuhusu kuta zake. Alisema wale walikuwa watu waliokataa mfalme. Mfalme alikuwa wa Hispania, nao wakapigana naye miaka themanini, wazee wakafa wakaacha vita kwa wajukuu. Alisema miji ya kusini ilipoanguka watu walikimbilia kaskazini kwa miguu, wafumaji na wachapaji na wenye maduka, wakafika na vyombo vya kazi mgongoni, na kuna miji kule iliyojengwa upya na wakimbizi. Hapo niliweka kikombe chini. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mkimbizi anaweza kujenga mji. Nilichowahi kuambiwa ni nipange mstari. Alisema miji yao ilitawaliwa na wafanyabiashara waliovaa nguo nyeusi na kubishana mezani, kwamba sehemu kubwa ya ardhi yao ilikuwa maji wakayavuta kwa vinu vya upepo mpaka pakawa shamba. Wala hakunificha ubaya. Meli zilizowaletea sukari na yale mazulia yaliyotandikwa mezani kwenye picha zilibeba watu pia, Waafrika, wamefungwa minyororo. Hilo alilisema akitazama sakafu, na kahawa yake ikapoa.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wanawake wanne wazee wameizunguka meza, wamevaa nguo nyeusi na kola nyeupe na vitambaa vyeupe vichwani, mmoja ameshika ufunguo. Hawakuwa wanatabasamu. Marika alisema hao walikuwa wasimamizi wa nyumba ya wajane. Katika miji yao tajiri asiye na mtoto aliweza kujenga vijumba vidogo kuzunguka ua mmoja, pampu ya maji katikati, lango moja la kuingilia, na humo wakakaa wanawake wazee wasio na mtu, bure, kila mmoja na mlango wake, mpaka wafe. Nyua hizo zipo hata leo na watu bado wanakaa humo. Alisema hivyo akikoroga kahawa, hadithi tu kama zile nyingine. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa namwona Mama Hawa na ufunguo.

Nilimwambia kila kitu, kiti cha wageni na yote. Akaniuliza kama kuna wajane wengine wa namna hiyo, nikacheka vibaya, maana Koboko ilikuwa imejaa wajane wa askari kuliko ilivyojaa miti. Akauliza kama kuna tajiri asiye na mtoto. Hapo sikucheka. Alikuwapo Haji Rajabu, muuza chumvi na sabuni, mwenye lori na kiwanja kikubwa kando ya barabara, ambaye alikuwa ameoa mara tatu na hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za watoto.

Tulikwenda Koboko tumekaa mbele ya lori lake mwenyewe, Marika akiwa ameipakata ile picha ya wanawake wanne ndani ya bahasha. Haji alitupokea kwenye ghala, tukaketi juu ya magunia, harufu ya sabuni mpya ikiwa nzito mpaka unaionja kwenye chai. Alisikiliza maelezo yote akiwa amefumba macho. Kisha akachukua picha, akaitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali.

"Hii Hajati wanne wako na hasira juu ya nini?" akauliza.

"Hawana hasira, Haji. Wanafanya kazi," Marika akasema.

"Aa. Na huyu tajiri aliyejenga. Jina yake iko juu ya mlango?"

"Lipo. Limechongwa kwenye jiwe."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Watu wanapita wanalisoma."

Haji akageuza bilauri ya chai mkononi. Nje watu walikuwa wanapakua magunia na kutukanana kwa upole. "Na yeye hapana kuzaa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na bilauri.

"Hakuzaa," Marika akajibu, naye alisema kwa upole sana, maana yeye pia hakuwa amezaa.

Kiwanja kikapatikana siku ile. Lililochukua muda mrefu lilikuwa jiwe la juu ya lango. Marika alikuwa amemweleza kwamba wale matajiri walichonga na alama ya kazi yao, aliyeuza samaki samaki, aliyeuza nafaka mganda, na Haji hakuweza kulala kwa kutafuta alama yake. Mtu au mnyama hakutaka, kwa sababu ya dini. Lori, fundi alishindwa. Mwishowe akachagua birika, kwa sababu alianza maisha akiwauzia askari chai nje ya kambi, na fundi akalitengeneza kwa saruji, likawa na mdomo mrefu kupita kiasi. Watu walianza kuliita Lango la Birika kabla hata ya mabati kupanda, na Haji, ambaye alitaka jina lake, alikasirika wiki moja, kisha akaanza kuliita hivyo mwenyewe.

Miezi ile ya ujenzi nikiikumbuka inakuja bila mpangilio. Nakumbuka matofali yakichomwa na moshi ukilala juu ya mashamba ya tumbaku. Nakumbuka Marika ameketi juu ya rundo la mchanga, amepigwa na jua mpaka pua imebambuka, akiwaonyesha mafundi picha ya ua wa kwao: vijumba, pampu katikati, maua pande nne za pampu. Mafundi walitaka kujua maua hayo yanaliwa vipi. Nakumbuka nikirudi Oli jioni nimechoka, nikimsimulia Mama Hawa kila tofali, naye akijifanya hasikilizi huku akiuliza mlango unafungukia upande gani. Siku hizo hakuanika sanda Ijumaa tu, aliianika na Jumatatu. Mimi nilikuwa nimeanza kushona nguo ya chuoni. Tulikuwa na furaha, na nilijua kwamba tuna furaha, jambo ambalo si la kawaida.

Siku ya wanawake kuja kuona, walifika mapema wakiwa wamevaa vizuri, Waislamu na Wakristo, wengine wamevuka kutoka upande wa Omugo kwa miguu. Walipita mlango hadi mlango wakigonga kuta kwa vifundo vya vidole kama wanaonunua vyungu. Marika alisimama katikati, karibu na pampu, akaeleza masharti, mimi nikafasiri. Mtu awe mjane mwenye umri. Awe na jina safi. Lango litafungwa giza likiingia, na ufunguo utakuwa kwa wanawake wenyewe, watakaochaguliwa na wenzao. Kila mmoja aje na kitanda chake. Kisha akasema, kwa tabasamu la mtu anayekumbuka jambo la kale na la kuchekesha, kwamba zamani kwao mwanamke aliyeingia alitakiwa kuja na sanda yake pia.

Mama Hawa akapiga makofi. "Sanda ninayo!" akasema kwa sauti, akawageukia wenzake. "Unaona? Hawa watu wanajua mambo!" Wote wakacheka na kupiga vigelegele, na Marika akacheka bila kujua hasa kwa nini. Kisha Mama Hawa, akiwa bado anatabasamu, akauliza: "Sasa kaburi iko upande gani?"

Nilifasiri. Marika akasema kuna makaburi ya watu wote nje ya mji, na msikiti wana pao na kanisa wana pao, na kwamba usafiri utapatikana. Alikuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria mifereji, na moshi wa jikoni, na mahali pa kuanika nguo. Nilimwona Mama Hawa akizungusha macho kwenye ua, mlango baada ya mlango, pampu, vile vitalu vya maua vilivyochimbwa tayari, na uso wake ukafungika. Alikuwa na ufunguo mkononi, kwa sababu Haji alitaka wa kwanza apewe yeye. Akaurudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyorudisha kikombe cha chai kwa mashemeji.

"Asante," akasema. "Nyumba iko mzuri. Lakini mimi nimechoka kuwa mugeni."

Wengine waliaga mmoja mmoja, wakaondoka na nguo zao nzuri. Haji alichukia. Alisema amejenga nyumba, hakujenga makaburi, na kwamba hakuna mtu atakayepita chini ya jina lake akakute vichuguu. Marika aliketi kwenye ukingo wa pampu, mikono mapajani. Mimi nilimchukia kila mtu siku ile, hata Mama Hawa, na zaidi birika.

Ilipita karibu mwezi. Vyumba vilikaa vitupu, popo wakaanza kuvichungulia. Siku ya kuripoti chuoni ilikuwa inakaribia, na nguo yangu nilikuwa nimeikunja nikaiweka chini kabisa ya vitu vyangu ili nisiione. Kisha asubuhi moja Mama Hawa akafunga kitambaa chake kichwani, akachukua karanga kwenye kikapu, akasema tunakwenda kwa Marika, kwa sababu mtu hakatai nyumba ya mtu halafu akanyamaza kama mwizi. Tulipanda Mvara polepole, magoti yake yakitaka kupumzika kila kwenye kivuli.

Alikuwa hajawahi kuingia chumba kile. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akapewa kahawa, akainywa kwa ujasiri. Macho yake yakaanza kutembea ukutani. Alimsalimia kwa kichwa mwanamke wa maziwa. Alisema yule anayefagia anashika ufagio vizuri. Kisha akafika kwenye picha ambayo mimi niliipita kila siku bila kuisimamia, ya ndani ya kanisa, kuta nyeupe tupu, nguzo ndefu, mwanga mwingi, mbwa. Akainuka akaisogelea.

"Hii mutu anachimba nini?"

Tulisogea. Chini kabisa, pembeni, jiwe la sakafu lilikuwa limeinuliwa. Palikuwa na shimo, na kifusi cha udongo, na mtu mwenye sepetu amesimama ndani yake mpaka kiunoni. Marika alivua miwani akaivaa tena. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameishi na picha hiyo miaka mingi, na siku zote alikuwa ameitazama kwa ajili ya mwanga.

"Ni kaburi," akasema. "Zamani tulizika ndani ya kanisa. Chini ya sakafu."

"Ndani ya nyumba ya Mungu! Halafu munaomba juu yao?"

"Juu yao. Tulitembea juu yao kila Jumapili."

Mama Hawa alimtazama kwa macho mapya. "Basi nyinyi mulikuwa watu kama sisi," akasema. Akaketi tena, akamsogezea karanga. "Na mama yako, Marika? Mama yako iko wapi?"

Marika alieleza, akichagua maneno. Kwao siku hizi kaburi hupangwa. Familia inalipa kwa miaka kadhaa, na miaka ikiisha, kama hakuna anayelipa tena, jiwe linaondolewa, mifupa inahamishwa chini zaidi pamoja na mingine, na mahali anapewa mtu mwingine. Ardhi ni kidogo, chini yake ni maji, kila kipande kilinyang'anywa baharini, na waliokufa inabidi wawapishe wengine. Yeye alikuwa mbali na kaka yake alikuwa na mambo mengi. Aliporudi likizo alikuta kwenye nafasi ya mama yake jina la mtu asiyemjua, na maua mabichi.

"Na mimi nilisema ni sawa," akasema. "Kwetu ni kawaida. Nilisema ni sawa." Kisha akaanza kulia, mwalimu mrefu yule, na kucheka akijaribu kuacha kulia.

Mama Hawa hakuwa mtu wa kukumbatia. Alimshika mkono akaupigapiga juu ya goti lake mwenyewe, polepole, kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa. "Mutu anapanga kaburi," alirudia kwa Mungu na si kwetu. "Mama ya mutu anafukuzwa na kodi." Nami niliona kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa anamhurumia kutoka juu, kama mwenye mali anavyomhurumia asiye nacho, na Marika aliipokea huruma ile yote.

Wiki iliyofuata Marika alikwenda kwa Haji peke yake, bila mimi wala picha. Walichoongea sikijui chote. Mtumishi wa ghala alisema alisikia Madamu akipandisha sauti, kisha Haji akipandisha, kisha Haji akiuliza kama ni kweli kwamba wajane wa kule zamani walimwombea yule tajiri kila siku. Aliambiwa ni kweli. Haji akafikiri. Kama wamezikwa humohumo, akasema, basi wataniombea wakiwa juu na wataniombea wakiwa chini. Kesho yake mafundi waling'oa pampu wakaipeleka pembeni karibu na jiko, vile vitalu vya maua wakavifukia, na katikati ya ua pakabaki wazi, udongo mwekundu uliosawazishwa, Waislamu upande wa lango na Wakristo upande wa jiko. Hakuna ua wa namna hiyo Uholanzi. Nimekwenda, nimetazama.

Siku ya kuingia Mama Hawa alibeba sanduku la kijani mwenyewe, hakutaka msaada. Alifungua mlango wake, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akamwita Marika katikati ya ua, mbele ya wanawake wote na Haji na mafundi. Walikuwa wamelivingirisha jiwe kutoka mtoni, jeusi, laini, la ukubwa wa mtungi, na shimo fupi lilikuwa limechimbwa.

"Jina yake nani, mama yako?"

"Geertje," Marika akasema.

Wakajaribu kulitamka, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyelipata. Wakalitia jiwe katika shimo, wakalishindilia kwa miguu, Waislamu wakasema yao na Wakristo yao. Marika alisimama mikono imening'inia. Mama Hawa akajipangusa vumbi, akamwambia, "Sasa wewe uko na mlango hapa. Na hapa hakuna mutu atalipa kodi ya kulala."

Mimi nilikwenda chuoni. Niliondoka asubuhi kwa lori la Haji, na nilipogeuka nyuma niliona sanda imeanikwa kwenye kamba mpya, inapepea, ingawa haikuwa Ijumaa. Mama Hawa aliishi pale miaka mingi, akawa mmoja wa wenye ufunguo, na nasikia alikuwa mkali kupita kiasi. Tulimzika mbele ya mlango wake nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Sanda ilikuwa laini kwa kuanikwa, na bado ilinukia ile sabuni.

Jana nilikwenda Koboko. Birika limepoteza nusu ya mdomo wake, lakini lipo, na jina la Haji lipo chini yake. Wanawake wa sasa siwajui. Niliwaeleza nilichokuja kufanya, wakaniletea jembe bila kuuliza swali, wakaniletea na chai. Watoto waliokuja kuwasalimia bibi zao walikuwa wakirukaruka juu ya lile jiwe jeusi, limeng'aa kwa nyayo. Niliwaomba wasogee kidogo. Nilikuwa nimeokota jiwe langu Oli, nikalipakata njia nzima, na mikono yangu ya uzee ikachimba pembeni ya la kwanza. Mama mmoja akaniuliza ni la nani.

"La mtoto wake," nikamwambia, nikionyesha lile jiwe jeusi. "Amerudi nyumbani."

Akanisaidia kulishindilia. Kisha akawaita watoto warudi kucheza.